TAHADHARI: fundi wa rimu Kisumu, anapuliza silva juu ya uozo

Watu wa Kisumu chungeni hawa mafundi wa rimu wa kando ya barabara, kuna mmoja upande wa Kondele amenila 10,000 mchana peupe na bado nikamwambia asante.

Rimu za Demio yangu si mnazijua, za aloi, rangi ilikuwa imeinuka malengelenge, chini yake unga mweupe, na ya mbele kushoto inapoteza upepo kila usiku. Harusi nayo ilikuwa Jumamosi na mimi ndio nilikuwa nibebe wazee.

Jamaa hakuongea sana na hiyo ndiyo ilinimaliza. Alitoa rimu moja, akaitoa tairi mbele yangu, akapaka dawa ya kutoa rangi, akakwangua, akapiga msasa mpaka alumini ikawa safi kama sufuria mpya, akaniambia "mkubwa, hii kutu hutembea chini ya rangi kama mchwa, ukiacha kidogo inarudi." Na ni ukweli! Puti ya kuziba vishimo, praima ya chini, silva, kliya ya kung'arisha juu. Nikapitisha mkono, laini. Sasa mtu anajua kazi hivyo utamshuku aje? Nikatuma 6,000 M-Pesa hapo hapo, akasema nimwachie gari amalizie hizo tatu, nikaenda zangu kula samaki, mjinga mimi.

Jioni zote zinang'aa. Nikaona kile kichuma cha balansi, kile kizito kidogo cha kufanya gurudumu lisitikisike, cha rimu ya nyuma nacho kimepakwa silva, hata mpira wa valvu, nikajiambia ah, ni haraka tu. Nikamaliza 4,000. Kumbe hizo tairi hazikutoka kabisa! Zingetoka, si kichuma kingeng'olewa balansi ipigwe upya?

Wiki ya tatu kijana wa kuosha gari akaelekeza presha, rangi ikatoka kama ganda la kitunguu, mbele ya shemeji yangu, na mdomo wake mnaujua. Fundi wa tairi akafungua ile ya mbele kushoto, pale tairi inapokalia rimu pote ni unga mweupe kama wa muhogo, msasa haujawahi kupita hapo, ndiyo maana upepo bado unatoroka.

Nikampigia, ati "bosi, presha ndiyo imeharibu." Saa hii hashiki simu. Huyu anafaa avalishwe hizo rimu shingoni atembezwe Kibuye Jumapili soko likijaa, mpaka arudishe pesa yangu yote na nauli juu. Kama kuna mwingine ameliwa anitafute twende polisi pamoja, peke yangu watanicheka.

Ukipeleka zako kaa hapo hapo mpaka tairi zote nne zitoke, na usilipe kama hujaona alumini tupu kwa kila moja. Ile rimu ya kunionyesha bado inang'aa mpaka leo, haina hata lengelenge moja, na ndiyo inaniuma kuliko hizo tatu.