Monita ya 144Hz: nilichokiona mimi nikiwa Tanga

Wadau hii monita nimekaa nayo vya kutosha sasa naweza kuiongelea. Ni inchi 24, 1080p (ukali wa picha), paneli ya IPS (aina ya kioo), 144Hz (yaani kioo kinabadilisha picha mara 144 kwa sekunde), mtumba, nimeichukua dukani Ngamiani, na kabla yake nilikuwa na ile ya ofisini ya 60Hz ambayo wengi tunaanzia nayo. Naandika kwa sababu vijana wengi wa huku wakisikia Hz nyingi wanajua ndo basi tena kwenye gemu watakuwa wanaua watu kabla hawajaonekana, na wenye maduka nao stori hiyo wanaipenda kweli.

Hesabu yake iko hivi. Kwenye 60Hz picha inabadilika kila baada ya ms 16.7 (ms ni milisekunde, sehemu ya elfu ya sekunde), kwenye 144Hz kila ms 6.9, kwenye 240Hz kila ms 4.2. Maana yake ukibonyeza mausi, ulichokifanya kinasubiri zamu ya picha inayofuata ndo kitokee kwenye kioo, na hiyo zamu kwenye 60 inachelewa. Sasa angalia, kutoka 60 kwenda 144 unaokoa karibu ms 10 kwa kila picha, kutoka 144 kwenda 240 unaokoa kama 2.7 tu na bei inapaa, ndo maana mimi 240 sina hamu nayo kabisa.

Kwenye Counter-Strike 2, gemu ya kupigana risasi, tofauti nimeiona hasa pale unapogeuka ghafla kwenye kona, zamani jamaa alikuwa anageuka ukungu sasa hivi namuona ana kichwa na mabega, na mausi inafuata mkono. Nikirudi kwenye 60 nahisi kama navuta ngalawa kwenye tope. Ila kulenga ni kule kule, kama ulikuwa unakosa utaendelea kukosa, sema utaona vizuri unavyokosa 😂

Halafu hii "1ms" ya kwenye boksi isikuchanganye. Hiyo ni pikseli (nukta moja ya kioo) inachukua muda gani kutoka kijivu kimoja kwenda kingine, haihusiani na muda wa mausi mpaka kioo, na mara nyingi wanaipata overdraivu (setingi ya monita ya kuharakisha pikseli) ikiwa juu kabisa. Yangu nikiipandisha mpaka mwisho kila kinachokimbia kinaacha mkia mweupe nyuma yake, inakera, nimeiacha ya kati na maisha yanaendelea.

Ukifika nayo home usikurupuke kucheza, Windows mara nyingi inaiacha kwenye 60. Ingia setingi za displei, zile za ndani zaidi, uchague 144 mwenyewe. Jamaa yangu mmoja wa Makorora alikaa na yake miezi anatuapia anaona tofauti, kumbe iko 60 muda wote. Kebo nayo muhimu, HDMI za zamani za 1.4 kawaida kwa 1080p zinaishia 120, tumia kebo ya DisplayPort ulale usingizi.

Kitu kikubwa kuliko vyote ni kadi ya picha, ile ya kwenye PC inayochora gemu. Mimi nina GTX 1650, setingi zote chini napata fremu (picha) 120 mpaka 150 kwa sekunde, hapo monita inakula vizuri. Kama kadi yako inatoa fremu 70 basi hizo 144 ni mapambo, hela ipeleke kwenye kadi kwanza. Na hili joto letu la mwezi wa pili wa tatu, mchana feni ya ukutani ikizima kadi inachemka fremu zinashuka, hapo FreeSync, inayofanya monita iende sawa na fremu za kadi, inaniokoa picha haikatiki katikati (Nvidia waliiruhusu kwenye kadi zao toka Januari 2019, iwashe tu). V-Sync, ile inayofanya kadi isubiri zamu ya kioo, mimi nimeizima, inaongeza uzito kwenye mausi.

Ping je, ule muda wa kwenda na kurudi kwenye seva ya gemu? Monita haiigusi hata kidogo. Seva ikiwa Johannesburg na bando lako linasuasua, ms 10 ulizookoa kwenye kioo zinamezwa hukohuko njiani, kwahiyo usije ukalaumu monita.

Kwa mtumba nenda na PC yako au laptopu yenye kadi, mwambie muuzaji aweke rangi nyeupe kioo kizima uangalie madoa, halafu aweke nyeusi, halafu akuonyeshe 144 kwenye setingi kabla hujatoa hela. Akianza ooh ukifika nyumbani itakubali tu, muage.