Fimbo ya chuma ya kutafutia mashimo ya vyoo vya kale

Watu wa zamani walitupa chupa kwenye mashimo ya vyoo, nasi wapenda chupa za kale tunayatafuta. Fimbo hii nimeinunua kwa fundi mmoja wa kuchomelea hapa Pennsylvania, dola 60. Ni nondo ya futi 5, juu ina mpini wa msalaba, chini kidonge cha chuma kinene kidogo kuliko nondo yenyewe. Hela yangu yote naihesabu kwenye hicho kidonge: kinatoboa tundu pana, nondo haing'ang'anii udongoni, na mkono unapata habari sawasawa. Ardhi ambayo haijawahi kuchimbwa inakataa mapema. Ukiwa juu ya shimo la choo cha miaka ya 1800, inazama kama kisu kwenye boga lililoiva, kisha unasikia majivu yakikwaruza, halafu kling! Hapo usisukume tena. Chomoa, tazama rangi ya udongo ulioganda kwenye ncha, ndipo ushike koleo.

Nyuma ya nyumba moja ya matofali (mwenyewe alisharidhia, bila hivyo siingii) ilinipeleka hadi kwenye chupa ya dawa ya samawati yenye kovu la duara kitakoni, alama ya kupulizwa kwa mdomo, miongo kadhaa kabla ya mashine ya kutengeneza chupa ya Michael Owens ya 1903.

Ubaya wake? Mpini mtupu, hauna mpira, viganja vinachubuka. Haikunjiki, buti ya gari dogo haitoshi. Kwenye changarawe ni bure kabisa. Na kabla hujadunga popote piga 811, namba ya simu ya Marekani ya kupiga kabla ya kuchimba, waje wakuwekee alama za mabomba ya gesi.

Nyota nne. Fundi akiweka mpira, tano.