Uzoefu wangu: Sawara, mji wa mtoni ulio jirani na uwanja wa ndege wa Narita

Mtu akiniuliza aende wapi kuiona Japani ya zamani bila kusukumana na umati wa Kyoto, namtajia Sawara. Ni sehemu kongwe ya mji wa Katori, mkoa wa Chiba, mashariki ya Tokyo. Mto Ono unapita katikati yake, mwembamba kiasi kwamba watu wawili wakisimama kingo mbili wanaweza kusalimiana bila kupaza sauti, kisha unamwaga maji yake kwenye Mto Tone. Nimeupa nyota nne kati ya tano. Sababu za kuinyima nyota ya tano nitazieleza, na karibu zote ni za saa na usafiri.

Kwanza ramani ya simu. Ukiandika "Sawara" tu unaweza kupelekwa Fukuoka, kisiwa cha Kyushu, ambako kuna wilaya ya jina hilohilo. Andika "Sawara Station, Katori". La pili ni viza. Mwenye pasipoti ya Tanzania au Kenya anayebadili ndege Narita kwa kawaida haruhusiwi kutoka nje bila viza, hata kama ana saa kumi za kusubiri. Kwa hiyo Sawara inamfaa zaidi aliyekwisha kuingia Japani na sasa anaondoka: ndege za kwenda Doha na Dubai mara nyingi huruka usiku, na ile siku ya mwisho ambayo wengi huimaliza kwenye viti vya uwanja inatosha kabisa kwa mji huu.

Kutoka uwanjani unakwenda kwanza mjini Narita, kama dakika 10 kwa treni. Hapo pana stesheni mbili za kampuni mbili tofauti za reli, ya JR na ya Keisei, zilizotenganishwa na dakika chache za kutembea. Treni za Keisei kutoka uwanjani ni nyingi zaidi, kwa hiyo mara nyingi ni haraka kupanda Keisei, kushuka Keisei Narita, kisha kwenda kwa miguu hadi stesheni ya JR. Pale JR ndipo wageni wanapopotea. Njia inayoitwa Narita ina matawi: moja linarudi uwanjani, jingine linakwenda Abiko, na njia kuu inaendelea mashariki kupitia Sawara. Zote zimeandikwa "Narita Line". Usiliangalie jina la njia, angalia treni inaishia wapi: panda iliyoandikwa Choshi, Sawara au Kashima-Jingu. Safari ni kama nusu saa na nauli ni karibu yeni 500. Suica, kadi ya kulipia nauli unayoijaza fedha mapema, inakubalika.

Reli hiyo ni ya njia moja, treni hupishana stesheni tu, na kwa sababu hiyo treni ni kama moja kwa saa. Ukikosa moja kwa dakika mbili, umepoteza saa nzima. Ukifika Sawara, kabla ya kutoka stesheni, piga picha ubao wa ratiba ya kurudi. Jambo jingine: milango ya treni hizi haifunguki yenyewe kila wakati. Kuna kitufe pembeni ya mlango, bonyeza. Mgeni asiyejua husubiri mlango ufunguke hadi treni inaondoka naye. Kwa wanaotokea Tokyo, basi la mwendo kasi kutoka Tokyo Station huchukua kama saa moja na nusu na halina usumbufu wa kubadili.

Kutoka stesheni hadi mtoni ni dakika 10 hadi 15 kwa miguu, na njia yenyewe ni ya kawaida tu. Wengine hukata tamaa hapo wakidhani wamedanganywa. Endelea hadi uuone mto, kisha fuata ukingo kuelekea juu mpaka daraja la Chukei, ambapo barabara ya kwenda Katori inaukata mto. Hapo ndipo moyo wa mji wa zamani. Eneo lililohifadhiwa lina kama hekta 7 tu, nalo liliwekwa chini ya ulinzi wa taifa mwaka 1996, la kwanza katika ukanda wote wa Kanto, yaani Tokyo na mikoa inayoizunguka.

Ili uelewe unachokiona, ujue kwamba mji huu uliishi kwa mashua. Karne ya 17 utawala wa Tokugawa, ukoo ulioitawala Japani wakati huo, ulielekeza maji ya Mto Tone upande wa mashariki, na Sawara ikajikuta kwenye barabara kuu ya majini ya kupeleka mchele, pombe ya mchele na mchuzi wa soya Edo, yaani Tokyo ya leo. Ushahidi uko miguuni pako: kila hatua chache kuna ngazi za mawe zinazoshuka kutoka barabarani hadi majini. Wenyeji huziita dashi. Mawe yake ya chini yana ukungu wa kijani na kingo zilizolika, kwa kuwa hapo ndipo mizigo ilipopandishwa na kushushwa. Hesabu ngazi hizo, utajua kila duka kubwa lilikuwa na bandari yake ndogo mlangoni. Mierebi imepandwa ukingoni na matawi yake yanagusa karibu vichwa vya wapita njia.

Nyumba nyingi nyeusi zenye kuta nene ni za baada ya moto mkubwa wa 1892. Wafanyabiashara walijenga upya kwa mtindo wa ghala, kura kwa Kijapani: fremu ya mbao iliyokandikwa udongo tabaka juu ya tabaka, kisha lipu ya chokaa. Simama karibu na dirisha la ghala na utazame ukingo wa mlango wake: umechongwa vidaraja kama ngazi ndogo, na fremu nayo ina vidaraja vinavyoingiliana navyo. Ukifungwa, moshi na cheche hazina pa kupenya, na nyufa zilizobaki zilizibwa kwa udongo mbichi. Karibu na daraja la Chukei kuna jengo la matofali mekundu la 1914 lililokuwa benki, nalo linatofautiana kabisa na majirani zake. Tetemeko la 11 Machi 2011 liliuumiza sana mji huu: vigae vya mapaa viliporomoka, na udongo wa kando ya mto ulilegea kama uji hadi kitako cha mto kikainuka. Ukarabati ulichukua miaka, na ulifanywa kwa uangalifu unaostahili heshima.

Kitu ninachokipenda kuliko vyote ni daraja dogo la miguu linaloitwa Ja-ja-bashi. Jina lake rasmi linatokana na mfereji wa mbao uliokuwa chini yake, ambao kwa karibu miaka 300 uliyavusha maji ya umwagiliaji juu ya mto hadi mashamba ya mpunga. Maji yaliyozidi yalimwagika yakilia "ja-ja", na wenyeji wakalipa daraja jina kwa sauti yake. Leo maji yanafunguliwa kwa ajili ya wageni, kila baada ya nusu saa kuanzia saa 3 asubuhi hadi saa 11 jioni. Yanaanza kwa matone machache, kisha pazia la maji linashuka pande zote za daraja. Baada ya dakika chache yanakatika na unasikia tena upepo kwenye mierebi. Usisimame juu ya daraja, hutaona kitu. Shuka kwenye ngazi za mawe za ukingo, kando ya daraja, dakika tatu kabla ya saa kutimia.

Kando ya daraja hilo kuna nyumba ya zamani ya Ino Tadataka (1745 hadi 1818), na kuiona ni bure. Huyu alikuwa mfanyabiashara wa pombe ya mchele na nafaka. Alipokabidhi biashara kwa mwanawe, akiwa na umri wa kama miaka 50, alikwenda Edo kusomea elimu ya nyota. Mwaka 1800, akiwa na miaka 55, akaanza kuipima Japani kwa miguu. Ramani ilikamilishwa na wenzake mwaka 1821, miaka mitatu baada ya kifo chake. Vuka daraja uende makumbusho yake, kiingilio karibu yeni 500. Ramani yake na picha ya setilaiti zinaoneshwa kwa kupokezana, na pwani za Japani karibu hazisogei. Tenga dakika 45. Makumbusho hufungwa Jumatatu, na ukifika siku hiyo umekosa nusu ya sababu ya kuja.

Mashua zinaondokea mbele ya nyumba ya Ino. Nauli ya mtu mzima ni karibu yeni 1,300 kwa dakika 30. Unavua viatu, unakaa chini kwenye mkeka, nahodha anaisukuma mashua kwa upondo pale mto unapokuwa mwembamba na kutumia injini panapopanuka. Madaraja ni ya chini, akikuambia uiname, inama kweli. Maelezo yote ni ya Kijapani, ila mto unajieleza. Majira ya baridi huwekwa kotatsu, meza fupi yenye joto chini yake na blanketi la kufunika miguu. Kwa mtu aliyezoea joto la Mombasa au Dar, mwezi wa kwanza bila kotatsu hiyo usipande. Upepo ukizidi au mvua kubwa ikinyesha mashua husimama, kwa hiyo ukikuta hali nzuri asubuhi, panda asubuhi hiyohiyo.

Chakula kinahitaji tahadhari, hasa kwa Waislamu. Sawara inasifika kwa mikunga wa kuchoma na tambi za soba. Mchuzi unaopakwa mkunga una mirin, kileo kitamu cha mchele, na mara nyingi sake pia, yaani pombe ya mchele. Mchuzi wa kuchovyea soba nao kwa kawaida una mirin. Kuuliza "nyama ya nguruwe ipo?" hakutoshi. Andika kwenye simu "mirin" na "sake" kwa Kijapani na uoneshe kabla ya kuagiza, na ukubali kwamba jibu mara nyingi litakuwa kwamba mchuzi umeshapikwa. Njia salama ni kununua dukani onigiri, tonge la wali lililojazwa samaki au plamu, baada ya kukagua maandishi ya pakiti. Asiye na kizuizi hicho ajaribu tambi nyeusi za Kobori-ya, duka lililoanza 1782. Weusi wake unatokana na mwani wa kombu. Migahawa ya mikunga hujaa mapema Jumamosi na Jumapili, fika kabla ya saa 5 asubuhi.

Sasa nyota niliyoinyima. Barabara inayokatiza daraja la Chukei ina magari mengi na nafasi ya waenda kwa miguu ni finyu sana, mwenye watoto awashike mkono. Maduka huanza kufungwa kuanzia saa 10 na nusu alasiri, na baada ya hapo hupati hata chai kirahisi. Maduka madogo mengi yanataka fedha taslimu, na mapipa ya taka hakuna, beba mfuko wako.

Hekalu la Katori Jingu, kuu kati ya mahekalu ya Katori nchini Japani, liko kama kilomita 4 kutoka mtoni. Jumba lake la sasa lilijengwa 1700, rangi nyeusi iliyong'arishwa na nakshi za dhahabu. Basi ni chache. Teksi ni kama dakika 10, na kutoka stesheni ya Katori ni nusu saa kwa miguu. Mwenye saa tano tu aliache, mwenye siku nzima asilikose.

Anayetafuta utulivu asije wikendi ya sherehe kubwa, katikati ya Julai na ile ya Oktoba. Wakati huo magari makubwa ya mbao yenye wanasesere wa mita 4 na zaidi yanavutwa kwa kamba, magari kumi katika sherehe ya Julai na kumi na manne katika ile ya Oktoba, na UNESCO iliyatambua mwaka 2016. Ni tamasha zuri ajabu, lakini mji hujaa. Juni kuna maua ya ayame, aina ya irisi, kwenye bustani iliyo ng'ambo ya Mto Tone, na ndio mwezi wa mvua, beba mwavuli.

Kama unaweza, lala usiku mmoja. Baadhi ya nyumba za wafanyabiashara zimegeuzwa vyumba vya kulala wageni. Kati ya saa 12 na saa 3 asubuhi, kabla maji ya daraja hayajafunguliwa kwa mara ya kwanza, ukingo wote unakuwa wa wenyeji tu: mwenye duka anafagia majani ya mwerebi mbele ya mlango wake, na mashua bado zimefungwa kwenye ngazi za mawe.