Uzoefu wangu: Datsun 1600 SSS ya mbio na gereji ya Changamwe

Gari ni la mjomba wangu. Alikimbia nalo mbio za hapa pwani miaka ya sabini, na mara moja akajitosa kwenye Safari Rally yenyewe. Hakumaliza, springi ilimkatikia milima ya Taita. Tangu 1986 Datsun hiyo ilikuwa Mikindani chini ya banda la makuti, kuku wakitagia kiti cha nyuma. Mwaka juzi alinipa ufunguo akaniambia, "Mpwa wangu, lifufue, lakini usilifanye jipya." Kwa maneno hayo ndiyo nilizipima gereji zote.

Vijana wengi wanaijua Safari ya Naivasha tu, iliyorudi kwenye ubingwa wa dunia 2021. Safari ilianza 1953, na kwa miaka mingi ilikuwa mbio za Pasaka, magari yakipita vumbi na tope la Afrika Mashariki mchana na usiku. Mwaka 1970 Edgar Herrmann na Hans Schüller waliishinda kwa Datsun 1600 SSS, ndugu wa hili la mjomba. Mwaka uliofuata Herrmann akashinda tena, kwa Datsun 240Z, na 1973 Shekhar Mehta akashinda kwa 240Z vilevile. Kwa hiyo nilipoambiwa "hiki ni chuma chakavu" iliniuma sana.

Gereji ya kwanza waliahidi fila, ile lipu ya kuziba matundu ya bodi, na rangi, wiki mbili tu. Ya pili walitaka kung'oa injini watie ya Toyota. Ya tatu, hii ya Changamwe, fundi mkuu alitandika katoni akalala chini ya gari karibu saa nzima, tochi mkono mmoja na bisibisi mkono wa pili, akidungadunga bati. Alipotoka hakutaja pesa. Aliuliza, "Hili lilikimbia mbio gani?" Nikajua nimefika.

Kazi ya bodi ndiyo iliyonifanya niandike haya. Walipokata mabati ya chini ya milango, ulimwagika udongo mwekundu, ule wa Taru na Voi, ukajaa karai. Umekaa humo miaka yote hiyo. Mzee, yule fundi mkuu, akanieleza kwamba matundu ya kutolea maji yakizibwa na udongo, unyevu hauna pa kwenda, na hewa yetu ina chumvi ya bahari. Kutu inakula kutoka ndani huku rangi ya nje bado inang'aa. Fila ingefunika kidonda tu. Walikata bati bovu lote, wakakunja jipya kwa mkono, wakachomelea, wakazibua matundu, na mwisho wakapulizia nta ndani. Karai la udongo nililichukua mimi.

Kuna jambo moja nusura liharibike. Kiwandani mabati huunganishwa kwa vidoa vya kuchomelea vilivyoachana. Gari la mbio maungio yake huchomelewa mfululizo, bodi isije ikalegea kwa mashimo. Kijana mmoja aliyaona maungio hayo hayapendezi, akashika grainda aanze kuyasaga. Mzee alimzuia kwa sauti niliyoisikia kutoka getini. Nami nikawazuia wasizibe matundu mawili kwenye dashibodi, upande wa kushoto. Hapo ndipo palipofungwa Halda, kifaa cha navigeta, yule msoma njia, cha kupimia umbali. Tangu siku hiyo hawakugusa kitu cha zamani bila kunipigia simu.

Injini haikuwa na maneno mengi. Ni silinda nne, cc 1595, kamshafti, ile inayofungua vali, iko juu inazungushwa na cheni. Ringi zilikuwa zimegandiana na silinda, kwa hiyo bloku ilipelekwa kutanuliwa na pistoni zikaagizwa nje. Raha yangu ilikuwa kabureta mbili. Mzee alizilinganisha kwa kipande cha mpira wa maji, ncha moja kwenye mdomo wa kabureta na nyingine sikioni, akisikiliza mvumo wa hewa na kuzungusha skrubu kidogo kidogo hadi zote mbili zivume sawa. Kifaa cha kisasa kipo pale gereji, hakukihitaji.

Sasa lawama. Niliambiwa miezi sita, ikawa kumi na minne, na kuna mwezi mzima sikupata habari yoyote mpaka nilipokwenda mwenyewe. Makadirio yalikuwa shilingi 640,000, nikalipa 815,000. Kila nyongeza nilionyeshwa risiti yake, hilo sikatai. Kubwa ni waya. Kazi hiyo walimpa mtu wa nje, akatumia waya mwembamba kwenye taa kubwa za mbele. Siku ya pili barabarani, pale Makupa usiku, moshi ulianza kutoka chini ya dashibodi. Ningechelewa kuchomoa betri, gari lingeteketea. Walikuja kulivuta usiku uleule, wakarudia waya wote na kuweka rilei na fyuzi bila kunidai, lakini kosa kama hilo halifai kutokea hata mara moja. Ukipeleka lako, uliza ni nani hasa atakayeshika umeme, na ukaone kazi kabla dashibodi haijafungwa.

Kwa bodi na injini nitarudi kwao kesho. Kwa umeme, nitatafuta fundi wangu mwenyewe.

Safari ya kwanza ndefu tulikwenda Mariakani. Mjomba aliketi kushoto. Kabla hatujafika Mazeras aliingiza vidole viwili kwenye yale matundu ya dashibodi, hakuvitoa mpaka tulipogeuza. Natafuta Halda inayofanya kazi, hata kama kioo kimepasuka. Aliye nayo aniambie bei.