Feni ya Umeme ya Rejeta: Mwongozo wa Kununua kwa Wenye Pikapu Wanaopanda Kericho na Mau Summit

Pikapu inayotoka Ahero ikiwa na magunia ya mchele, kisha ikaanza kupanda kuelekea Kericho na Mau Summit, huipa rejeta kazi ambayo gari dogo la mjini halikutani nayo. Injini huvuta kwa nguvu zote katika gia ya pili au ya tatu, mwendo hauzidi kilomita 30 kwa saa, upepo unaoingia kwenye grili ni mchache, na hewa yenyewe huzidi kuwa nyepesi kadiri unavyopanda, kiasi kwamba kwenye mita 2,500 juu ya usawa wa bahari uzito wake huwa umepungua kwa zaidi ya sehemu moja ya tano. Kwenye kimo hicho maji yaliyo wazi huchemka karibu na nyuzi 92, na kinachoyazuia yasichemke ndani ya rejeta ni shinikizo linaloshikiliwa na kifuniko. Nimeyapanga machaguo yafuatayo kwa kuitazama safari hiyo, wala si foleni ya Kisumu saa saba mchana, kwa kuwa feni inayoumudu mlima huo ukiwa na mzigo haitashindwa na foleni.

Kabla ya kutoa pesa, hakikisha kwamba feni ndiyo yenye kosa. Pikapu nyingi za dizeli zilitoka kiwandani na feni inayozungushwa na injini kupitia klachi yenye mafuta ya silikoni ndani. Zima injini ikiwa moto, kisha uisukume feni hiyo kwa mkono: ikizunguka mara kadhaa bila ukinzani wowote, klachi imekufa. Angalia pia kama kava ya feni, ile bomba pana la plastiki linaloizunguka, bado ipo na haijavunjika, maana bila hiyo feni huvuta hewa ya kando badala ya kuipitisha kwenye rejeta. Kifuniko kilichochoka raba, au rejeta iliyoziba kwa kutu kwa sababu ya kujazwa maji ya mtoni badala ya kulanti, yaani kiowevu maalum cha kupozea injini kinachozuia kutu, havitatibiwa na feni ya aina yoyote. Kwa mwenye pikapu ya dizeli inayobeba tani moja kila siku, ninasema waziwazi kwamba ununuzi bora ni klachi mpya na kava kamili, si feni ya umeme. Feni ya umeme inamfaa mwenye injini ya petroli, mwenye gari lililobadilishwa injini hata feni ya asili ikakosa nafasi, na anayepita mara kwa mara kwenye maji ya mafuriko ya uwanda wa Nyando, ambako feni inayozungushwa na injini ikipiga maji mengi inaweza kupinda na kuikwaruza rejeta, ilhali ya umeme huzimwa kwanza.

Ukiwa miongoni mwa hao, nafasi ya kwanza ninaipa jozi ya feni zilizong'olewa katika gari la Japani pamoja na kava yao kamili. Soko la spea zilizotumika lina nyingi za aina hii, na ubora wake ni kwamba kava huzikusanya feni zote mbili, hivyo hewa huvutwa kupitia karibu eneo lote la rejeta. Nenda dukani na vipimo vitatu: upana wa rejeta yako, urefu wake, na nafasi iliyopo kati ya rejeta na puli ya pampu ya maji, kwa maana kipimo cha tatu ndicho kinachowarudisha wengi dukani. Mwombe muuzaji aiunganishe na betri mbele yako. Sikiliza kama beringi inakwaruza, na upime kwa mita ya umeme ni ampea ngapi inavuta. Mota moja ya jozi hii kwa kawaida huvuta ampea kati ya 10 na 15, na inayovuta zaidi ya mwenzake kwa kiasi kikubwa imeanza kuchoka.

Nafasi ya pili ni feni moja mpya ya inchi 16, ikiwa utakubali gharama ya kumpa fundi wa mabati akutengenezee kava. Ikifungwa moja kwa moja kwenye rejeta, itapoza duara iliyo mbele yake tu, na pembe zote nne zitabaki moto.

Feni nyembamba za inchi 12 zinazouzwa pamoja na vibanio vya plastiki vya kupenyeza katikati ya vijibati vya rejeta ninaziweka nafasi ya tatu, tena kwa shingo upande. Niliwahi kufungiwa moja hapa Nakuru, na kabla ya miezi mitatu kutimia mtikisiko wa barabara ulikuwa umekifanya kibanio kuwa msumeno. Rejeta ilitoboka nikiwa nimebeba viazi vya Molo. Ukilazimika kuinunua, ifunge kwenye vyuma vilivyoshikwa na fremu ya rejeta. Ya mwisho kabisa ni feni inayowekwa mbele ya rejeta ili isukume hewa. Hiyo ni msaidizi tu, kwa sababu inapokuwa imezimwa huuziba upepo ambao ungeingia bure gari likikimbia.

Jambo ambalo wanunuzi wengi hulisahau ni kwamba feni nzuri iliyoongozwa vibaya ni hatari kuliko feni dhaifu. Katika udhibiti, chaguo langu la kwanza ni swichi ya joto ya kufungia kwa nati kwenye rejeta au kwenye nyumba ya themostati, ile valvu inayofunguka maji yakipata joto ili yapite kwenye rejeta. Swichi hiyo iiamuru rilei, yaani swichi ya umeme inayobeba mkondo mkubwa wa feni. Haina kirekebishi cha kutikiswa na barabara, na ikiharibika utapata nyingine. Iwake juu kidogo ya joto la kufunguka kwa themostati: kama themostati hufunguka kwa nyuzi 82, swichi iliyo upande wa maji ya moto iwake karibu na 92, la sivyo feni haitapumzika kamwe. Jihadhari na swichi za magari ya zamani ya Japani, kwani baadhi hukata umeme zinapopata joto badala ya kuuunganisha. Itumbukize kwenye sufuria ya maji yanayochemshwa, ukiwa na mita na kipimajoto, ujue tabia yake kabla ya kuifunga.

Kidhibiti cha elektroniki chenye kihisi na kitufe cha kuzungusha ni cha pili. Kinakuruhusu kuchagua joto unalotaka, ila kihisi kinachochomekwa tu kati ya vijibati husoma joto la hewa kuliko la maji. Swichi ya mkono peke yake usiinunue. Iweke kama nyongeza, ili uweze kuiwasha feni kabla ya kuanza mlima na kuizima unapoingia majini, lakini usiyaachie maisha ya silinda hedi, ile sehemu ya juu ya injini inayopinda ikichemka, kumbukumbu ya dereva aliyechoka.

Nyaya ndizo zinazoamua kama kazi hii itadumu. Kila feni ipewe rilei yake ya ampea 40 na fyuzi yake ya ampea 30 iliyo karibu na betri, waya wa milimita 4 za mraba au zaidi, na waya wa kurudi kwenye betri (arthi) wenye unene uleule. Umeme wa kuiamuru rilei upitie ufunguo wa gari, ili feni isiimalize betri usiku. Piga hesabu ya alteneta pia, ile mashine inayozungushwa na injini kuzalisha umeme wa gari. Feni mbili zikivuta ampea 28, taa 12, waipa 5 na kipeperushi cha ndani 10, umefika 55, na alteneta ya ampea 60 haitoi kiasi hicho injini ikiwa katika mzunguko wa chini. Anayeteremka Kericho usiku kwenye mvua anahitaji alteneta kubwa zaidi, na bei yake iingizwe kwenye bajeti tangu mwanzo.

Baada ya kufunga, weka karatasi mbele ya grili injini ikiwa inanguruma mahali pamoja. Feni ikiwaka, karatasi inapaswa kuvutwa na kubaki imebandika. Ikisukumwa mbali, nyaya zimegeuzwa. Pima volti kwenye plagi ya feni yenyewe ikiwa inafanya kazi, kisha kwenye betri, na tofauti ikizidi nusu volti, rudia viungo vyote na waya wa kurudi. Safari ya kwanza yenye mzigo iwe ya mchana, ukiwa na rilei moja ya akiba na fyuzi mbili kwenye gari.