Mikanda 11 ya VHS, fundi wa Ngamiani na ndoto iliyokatwa: uzoefu wangu

Kwa miaka mingi nilidhani baba mdogo anatia chumvi.

Alikuwa opareta wa sinema hapa Tanga enzi za Majestic, mtu wa kushinda kwenye chumba cha mashine nyuma ya watazamaji. Akianza kusimulia Awara, ile picha ya Kihindi ya Raj Kapoor na Nargis, lazima aifikie ndoto: mawingu yametanda sakafuni, ngazi inapanda juu, masanamu makubwa kuliko nyumba, Raj Kapoor yumo motoni anapiga kelele aokolewe, Nargis anashuka kumpokea. Sisi watoto tulikuwa tunatazamana tu. Awara tulikuwa nayo nyumbani, kwenye mkanda wa VHS, tumeitazama mpaka tunajua wapi inakwaruza. Ndoto hiyo haimo. Tukasema mzee anachanganya na picha nyingine.

Mwaka huu ndipo nilipojua ukweli, na nimeujua kwa sababu ya fundi mmoja wa Ngamiani, hapahapa Tanga.

Kabatini nilikuwa na mikanda 11. Harusi mbili, maulidi moja, Awara, Mother India ambayo imegawanywa mikanda miwili, filamu ya Arusi ya Mariamu aliyokuja nayo dada yangu alipokuwa anasoma Chuo cha Sanaa Bagamoyo, na minne ya Bongo movie za mwanzo mwanzo. Deki yetu ilikufa zamani. Kupata nyingine nzima siku hizi ni bahati, maana hata Funai wa Japani, waliokuwa wamebaki peke yao, waliacha kutengeneza deki za VHS mwaka 2016. Nikasikia kuna kijana anahamishia mikanda kwenye flashi. Nikaibeba yote kwenye kikapu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Una deki inayofanya kazi?"

Anazo tatu. Bei yake ilikuwa shilingi 12,000 kwa mkanda, tukazungumza, akanifanyia 10,000 kwa kuwa ni mingi. Flashi niende na yangu.

Nianze na alichonifurahisha. Kabla ya kutia mkanda wowote kwenye mashine aliuinua kwenye mwanga akachungulia kidirishani. Mkanda wa Arusi ya Mariamu akauweka pembeni. Akafungua skrubu zake tano, akainua kifuniko, akanionyesha: ukingoni mwa ule utepe mweusi uliozungushwa kulikuwa na unga mweupe kama wa muhogo, umejipanga duara. Ni kuvu. Joto letu hili la pwani, unyevu wa bahari na kabati lisilopitisha hewa, ndiyo matokeo yake. Angeutia kwenye deki vilevile, kuvu ingepakaa vichwa vya kusomea mkanda, na vichwa hivyo vinazunguka mara 25 kila sekunde, kisha ingehamia kwenye kila mkanda unaofuata. Aliuzungusha kwa mkono polepole, akifuta kwa kitambaa laini chenye spiriti, utepe wenye urefu wa zaidi ya mita 100 mpaka mwisho. Kazi ya mchana mzima, na hakuniongezea hata senti. Kama una mikanda nyumbani, usikubali fundi anayeuchomeka mkanda moja kwa moja bila kuukagua.

Sasa yaliyonikera. Niliporudi kuchukua, nikaomba tujaribu kwanza palepale. Raj Kapoor amevimba mashavu, Nargis amekuwa mfupi mnene. Kijana alikuwa ameivuta picha ijae TV pana. Akaniambia TV za sasa ni pana mama, watu hawapendi weusi pembeni. Nikamwambia mimi naupenda weusi huo kuliko kumwona Nargis namna ile. Tatizo la pili lilikuwa baya zaidi. Alikuwa ametumia programu ya kulainisha picha ili iondoe chenga, na kweli chenga zilipungua, lakini sura za watu zikawa kama sabuni iliyokwisha kuogewa. Makunyanzi ya mama mzee kwenye Arusi ya Mariamu yote yamefutika. Chenga navumilia. Uso uliofutwa siwezi kuuvumilia.

Alikubali kurudia yote bure, bila kuvuta na bila kulainisha, nikasubiri siku nne. Mara ya pili kazi ilikuwa safi. Akaniuliza kama atupe mikanda, nikamkatalia. Mkanda wa asili usiutupe kamwe, kwa sababu alichokihamisha leo ni kile ambacho deki yake na waya wake vimeweza kukisoma, na baada ya miaka mitano huenda mwenzake akasoma zaidi.

Nilipofika nyumbani nikaona kitu ambacho kwenye kaseti huwezi kukiona: muda. Faili la Awara lilikuwa na dakika 174. Filamu yenyewe, nilivyokuja kusoma, ina dakika 193. Dakika 19 zimekwenda wapi?

Nane nilizipata upesi. Sinema hupigwa picha 24 kwa sekunde, ila televisheni ya mfumo wetu wa PAL huonyesha 25, kwa hiyo anayehamisha sinema kwenda video huiacha ikimbie kidogo. Asilimia 4 tu, lakini kwenye picha ya saa tatu ni dakika nane hivi, na sauti za waimbaji nazo zinapanda. Maisha yangu yote nimemsikia Lata Mangeshkar akiimba juu kuliko alivyoimba.

Zilizobaki kama 11 hizo zilikatwa. Mkanda wa kawaida ulikuwa wa saa tatu. Picha ya zaidi ya saa tatu haiingii, na aliyenakili, nani anajua wapi na lini, hakutaka kutumia mkanda wa pili. Nilitafuta pale pa kukatia nikapapata: chenga za kufumba na kufumbua, muziki unaruka, tayari tumeshaingia tukio jingine. Alichokata ni ndoto. Ile ndoto ya baba mdogo, yenye dakika karibu tisa, ambayo watu wa sinema duniani wanaitaja wakiizungumza filamu hii, sisi tuliondolewa ili mkanda utoshe.

Nilikaa kitini muda mrefu sana siku ile. Tulimkatalia mzee kwa zaidi ya miaka thelathini.

Ndiyo maana nikisikia mtu anasema picha za zamani si zipo tu mtandaoni, za nini kuhangaika, natamani nimwonyeshe lile faili la dakika 174. Kuwepo siyo kuwa nzima. Awara ni ya mwaka 1951, na kwenye pwani hii iliingia mioyoni mwa watu kwa sababu swali lake ni letu: mtoto wa mwizi lazima awe mwizi? Jaji anayelishikilia hilo anachezwa na Prithviraj, ambaye ni baba mzazi wa Raj Kapoor kwelikweli, na kwenye filamu mwanawe anafikishwa mahakamani kwa kujaribu kumuua. Wahindi wameitendea haki. Hifadhi yao ya filamu ya taifa ilisimamia ukarabati wake kwa 4K, ikaonyeshwa Toronto Septemba 2024, na Desemba mwaka huohuo ikarudi kwenye majumba ya sinema India, Raj Kapoor alipotimiza miaka 100 tangu kuzaliwa. Ninachokililia mimi ni diski ya nakala hiyo, ndoto ikiwa ndani, na maandishi ya Kiswahili chini. Walioitazama hapa Tanga waliimba nyimbo zake kwa moyo bila kujua Kihindi. Wajukuu wao wanastahili kujua babu zao walikuwa wanaimba nini.

Lakini inayoniuma zaidi ni Arusi ya Mariamu.

Hii ni yetu. Ilitoka mwaka 1985, ikaongozwa na Nangayoma Ng'oge pamoja na Mmarekani Ron Mulvihill, na Kampuni ya Filamu Tanzania, TFC, ikiwa mshirika. Dakika 36 tu. Mariamu ni mke kijana anayeumwa, hospitali haijamsaidia, na waganga wa jadi yeye anawaogopa kwa jambo lililotokea utotoni mwake. Basi. Hakuna steringi wa kuruka ukuta, hakuna adui wa kupigwa. Kuna mwanamke na hofu yake, na mume anayejaribu kumshika mkono. Kwenye mkanda wangu sura ya Mariamu usiku ni doa la kahawia lenye macho mawili. Lakini picha hii ilipigwa kwa filamu ya milimita 16, na hapo ndipo penye tumaini. VHS inabeba mistari kama 240 ya uwazi. Filamu ya milimita 16, ikisomwa vizuri kutoka kwenye negativu, yaani ile filamu ya asili iliyopita kwenye kamera, inabeba zaidi ya hiyo mara kadhaa. Maana yake ule usiku una vitu ndani yake ambavyo mimi sijaviona bado: labda ukuta, labda mkono wa mtu, labda chozi. Fundi wangu wa Ngamiani hata awe hodari vipi hawezi kuvitoa kwenye mkanda, kwa sababu mkandani havimo.

Ningeanza na hiyo, kisha Fimbo ya Mnyonge ya TFC ya miaka ya 1970, picha ya enzi za Ujamaa ambayo vijana wanaitaja kwenye mitihani bila kuwahi kuiona, kisha Maangamizi ya Martin Mhando na huyohuyo Mulvihill. Maangamizi ndiyo filamu ya kwanza Tanzania kuipeleka kugombea Oscar, mwaka 2001, na Amandina Lihamba mle ndani anacheza Samehe, mgonjwa ambaye hajatamka neno kwa miaka. Uso wa mtu asiyesema unahitaji picha safi kuliko uso wa mwingine yeyote. Iliyofuata kwenda Oscar kutoka kwetu ilikuwa Vuta N'kuvute mwaka 2022. Miaka 21 hapo katikati.

Za Bongo movie nitasema kwa ufupi. Nyingi za miaka ya 2000 zilipigwa kwa kamera za video, kwa hiyo hakuna negativu ya kurudia. Kinachowezekana ni kuitafuta ile kaseti ya kwanza iliyotoka kwenye kamera, kabla haijanakiliwa, na kuitunza. Walio nazo wasikawie. Kuvu haisubiri mtu.

Kwamba inawezekana kwa filamu za Afrika, hilo nimeliona kwa macho. Mpwa wangu ni baharia, aliniletea boksi la diski la kampuni ya Criterion kutoka Marekani, lina Touki Bouki ya Djibril Diop Mambéty wa Senegal, ya mwaka 1973, iliyokarabatiwa Bologna mwaka 2008. Tahadhari kwa wanaotaka kuagiza: Blu-ray zake ni za kanda A, yaani zimefungwa zichezwe kwenye mashine za eneo fulani la dunia tu, na huku Afrika tuko kanda B, kwa hiyo mashine nyingi za huku zitazikataa. Mimi niliokolewa na DVD zilizomo kwenye boksi hilohilo, deki yangu ya bei nafuu ya Kichina haijali kanda. Kwenye ile picha vijana wawili wa Dakar wanapanga kwenda Paris kwa meli, na bandarini palivyo ungedhani umesimama hapa kwetu unatazama meli zikitoka. Ile bahari ilikuwa bluu. Nasema bluu, si ile kijani iliyooza ya kwenye mikanda. Nilirudisha nyuma mara tatu kuitazama tu bahari.

Kwa jumla kijana wa Ngamiani nampa nyota nne. Mwambieni tangu mwanzo: asivute picha, asilainishe, na faili lisibanwe sana hata kama litajaza flashi. Mkichukua, angalieni muda wa faili, mlinganishe na muda halisi wa filamu.

Baba mdogo nilimwita Ijumaa baada ya swala. Kwanza nilimwekea Awara ya kwenye flashi. Kaseti yetu ilitokana na nakala iliyokwishazunguka majumba ya sinema, kwa hiyo vile viduara vya kona ya juu kulia vimo, vile vya kumwambia opareta rili inakwisha, awashe mashine ya pili. Kila kiduara kilipopita kidole chake kiliinuka chenyewe juu ya goti. Nikamwambia kwenye filamu zinazokarabatiwa mara nyingi huwa havipo. Hakupenda. "Waviache," akasema. "Vile ni vyetu sisi." Mimi ningeviondoa kwenye picha, lakini namwelewa.

Kisha nikamwekea ndoto, niliyoipata mtandaoni. Alitazama mpaka mwisho hajasema kitu. Nargis aliposhuka ngazi akavua kofia akaiweka mapajani.

"Baba, utusamehe," nikamwambia.

"Mlikuwa watoto," akasema. "Irudishe mwanzo."

Jumapili yake alikuja tena, bila kuitwa, na vitukuu wawili. Akawakalisha mkekani mbele ya TV, akaomba nizime taa na niongeze sauti. "Nyamazeni sasa," akawaambia. "Hapa ndipo mawingu yanapoingia."