Kununua LUKU (umeme wa kulipia kabla, Tanzania) kwa simu: speed iko poa, bei soma meseji mpaka mwisho

Huduma yenyewe mi naikubali, nisiwe mnafiki. Umeme unakata usiku wa manane, unaweka namba ya mita, kiasi, pini, tokeni yenye tarakimu 20 ya kubonyeza kwenye mita inaingia hata tochi hujaipata, boda ya kwenda kwa wakala hulipi. Hapo natoa tano kwa tano.

Tatizo ni bei, na bei wengi hatuisomi maana tukishaona tokeni na units tunakimbilia mita. Mi ninayo meseji moja ya 2024 sijaifuta, nilinunua ya 10,000. Kitu cha kwanza ikang'olewa 1,500 ya kodi ya jengo (hii ilivyoanza kukatwa kwenye LUKU 2021 ilikuwa buku, 2023 ikapandishwa), imeandikwa kama deni utadhani ulikopa mahali. Ile 8,500 iliyobaki ndo ikagawanywa: umeme 6,967.21, VAT 1,254.10, REA (umeme vijijini) 209.02, EWURA (wasimamizi wa nishati na maji) 69.67. Units 23.9. Yaani kwenye elfu kumi yako, umeme wenyewe ni elfu saba kasoro! Ukinunua tena mwezi huohuo kiasi hichohicho unapata units 28 na ushee maana kodi ya jengo imeshalipwa, kwa hiyo jirani akikwambia kapata nyingi kuliko wewe usianze kugombana na mita.

Na hiyo kodi ni ya mwenye nyumba jamani, sio ya mpangaji. Tunza zile meseji, siku ya kulipa kodi ya chumba kaa naye mpige hesabu, wengine waelewa tu.

Sasa kuna makato ya mtandao wa simu, haya kwenye meseji ya tokeni huyaoni, yanakuja kwenye meseji ya pembeni ile ya salio ambayo nani anaisoma. Mtandao ninaotumia mimi, siutaji, hauonyeshi makato mpaka ushaweka pini, na hiyo ndo inanikera kuliko hata VAT, VAT angalau kwenye meseji ile najua ilikuwa asilimia 18. Wanaonunua ya buku leo, buku kesho kutwa ndo wanaumia, kila ukinunua na makato yake. Kama hela ipo nunua ya mwezi kwa mkupuo.

Ila tusisahau tulikotoka, kabla ya Aprili 2016 mteja wa kundi la kawaida alikuwa anakatwa service charge (ada ya huduma) 5,520 kila mwezi hata kama mwezi huo katumia kidogo, ile ilikuwa balaa.

Bili ya maji nayo siku hizi inakuja kwa meseji na kontroli namba (namba ya kulipia) yake, unalipa umelala. Makato ndo yaleyale.

Uharaka 5, bei 3, uwazi wa makato 1. Mwenye mtandao unaoonyesha makato kabla ya pini aseme, nahamia leo.